Je, saini za mtandaoni zinaweza kufungua mpaka?

KANOMBE, Kigali. Linki iliingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa Kabeza kabla hapajapambazuka. Ombi lenyewe lilikuwa la mistari sita, limeelekezwa kwa "viongozi wote wa Afrika Mashariki", likitaka usumbufu wa mipakani ukome. Chini yake palikuwa na maelekezo ya kawaida: saini, sambaza kwa watu kumi, usikae kimya.

Saa tatu asubuhi, ndege zikipaa na kutua upande wa uwanja wa Kanombe, nilimkuta mama mmoja muuza dagaa akiwa bado ameishika simu. Alikuwa ameshaandika jina lake lakini hajabonyeza kutuma. Wiki mbili kabla, magunia yake mawili yalikaa siku tatu kwenye mpaka mmoja kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyemwambia mapema kwamba inatakiwa. Siku ya tatu mvua ilinyesha, dagaa wakaota ukungu. Mtaji uliopotea ulikuwa mkopo wa ikimina, na bado anaulipa kila Jumapili.

Aliniuliza swali moja tu: akisaini, magunia yajayo yatapita?

Sikuwa na jibu la haraka. Makala hii ni jaribio la kumjibu yeye na wengine wanaopokea linki za aina hiyo kila mwezi, kutoka Gatuna hadi Rusumo, kutoka Busia hadi Namanga.

Saini isiyogharimu kitu

Ombi la mtandaoni ni jambo rahisi. Tovuti kubwa zinazojulikana zaidi, Change.org na Avaaz, zote zilianza mwaka 2007. Mtu huandika malalamiko yake, humtaja anayelalamikiwa, kisha huwaalika wengine waweke majina na barua pepe zao. Namba inapanda, watu wanatiana moyo, na vyombo vya habari vinapata habari ya kuandika.

Urahisi huo ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia. Anayesaini hatoki nyumbani wala hapotezi siku ya soko. Anayepokea naye analijua hilo. Isitoshe, tovuti hizo ni za watu binafsi. Hakuna ofisi ya umma inayolazimika kuzijibu kwa sababu tu namba imekuwa kubwa.

Hata hivyo si kweli kwamba hazijawahi kufanya lolote katika ukanda wetu. Ziko zilizofanya kazi, ziko zilizofika nusu ya njia, na ziko zilizogonga mlango usio wake. Tofauti kati yake inaonekana ukiziweka pamoja.

Busia, 2013: namba iliyobebwa kwa miguu

Wafanyabiashara wa Busia wanaikumbuka habari ya binti wa miaka 16 aliyepewa jina la Liz ili kumficha. Juni 2013, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa katika shimo la choo. Watu walikamatwa na kufikishwa kituo cha polisi. Adhabu waliyopewa ilikuwa kukata majani ya kituo, kisha wakaachiwa waende zao.

Gazeti moja la Kenya lilipoifichua habari hiyo Oktoba 2013, mwanaharakati Nebila Abdulmelik alifungua ombi kwenye Avaaz. Saini zilipita milioni moja ndani ya wiki chache. Lakini kazi haikuishia kwenye skrini. Tarehe 31 Oktoba 2013, waandamanaji walizipeleka saini hizo hadi makao makuu ya polisi jijini Nairobi. Madai yalikuwa mawili na yalieleweka: wahusika wakamatwe na kushtakiwa, na polisi waliotoa adhabu ya kukata majani wawajibishwe.

Baada ya hapo mashirika ya wanawake hayakuondoka. Yalisimama na familia, yalifuata jalada, yalihudhuria mahakamani. Aprili 2015, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya maandamano, mahakama mjini Busia iliwafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja.

Je, ni saini zilizowafunga? Hapana. Waliwafunga mashahidi, waendesha mashtaka na hakimu. Saini zilifanya kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kikubwa: zilifanya jalada lisiweze kufungiwa kabatini. Na zilikuwa zimeelekezwa kwa mtu mwenye cheo, mwenye uwezo wa kutoa amri.

Loliondo: neno lisilo na mhuri

Kaskazini mwa Tanzania hadithi ilikwenda vingine. Wamasai wa Loliondo, karibu na Serengeti, waliogopa kuondolewa katika eneo la malisho la takriban kilomita za mraba 1,500. Ombi lao kwenye Avaaz lilikusanya saini zaidi ya milioni mbili kutoka duniani kote. Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete aliandika kwenye Twitter kwamba hapakuwa na mpango wa kuwaondoa Wamasai katika ardhi ya mababu zao, na hautakuwapo.

Watu walishangilia. Kwa ombi la mtandaoni, kupata jibu la mkuu wa nchi si jambo dogo.

Lakini ahadi ile ilikuwa maneno kwenye mtandao. Haikuwa sheria wala hati ya ardhi. Juni 2022, serikali chini ya rais mwingine ilipeleka watu kuweka vigingi vya mipaka katika eneo lile lile. Yakatokea makabiliano, na baadhi ya waliojeruhiwa wakavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Saini milioni mbili zilikuwa bado ziko kwenye tovuti, lakini hazikuwa na la kufanya.

Mfanyabiashara wa mpakani ataielewa habari hii bila kufafanuliwa. Ni sawa na ofisa anayekwambia "pita tu, mama" bila kukupa karatasi. Zamu ikibadilika, ruhusa nayo imeondoka.

Mlango usio wake

Mwaka 2021 Wakenya waligonga mlango mwingine. Tarehe 2 Aprili, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitangaza kuidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34 kwa Kenya. Vijana waliochoshwa na madeni na ufisadi walifungua ombi kwenye Change.org wakilitaka shirika hilo lisitishe mikopo. Saini zilipita 200,000 kwa muda mfupi, na kurasa za IMF zikajaa maoni ya Wakenya.

Mkopo haukusimama. IMF inakopesha serikali na inajibu kwa serikali wanachama. Mwananchi mmoja mmoja si mteja wake. Tena uamuzi ulikuwa umeshapitishwa. Ombi lile lilifaulu kuamsha mjadala wa deni la taifa, na hilo lina thamani yake, lakini kwa jambo lililoombwa halikupata kitu.

Kwa hiyo kuna maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kubonyeza. Anayeombwa ana uwezo wa kutenda? Analazimika kujibu? Na nani atabaki mlangoni baada ya kelele kuisha? Busia ilikuwa na jibu la swali la kwanza na la tatu, ikafika. Loliondo ilipata ahadi ya aliyekuwa na uwezo, lakini haikupata karatasi ya kumbana aliyemfuata. Ombi la IMF halikuwa na jibu hata moja.

Kabla ya simu

Afrika Mashariki ilikuwa ikipeleka maombi muda mrefu kabla ya intaneti. Novemba 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, Tanganyika, ili ardhi yao wapewe walowezi. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kwa sababu Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo. Safari ile haikuwarudishia ardhi. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza alichokiona, na habari ya Wameru ikawa moja ya chachu za siasa za uhuru. Ombi lililokataliwa lilikuwa limewafundisha watu kujipanga.

Hapa Kigali, mwaka 2015 Bunge lilipokea maombi yenye saini zaidi ya milioni 3.7 yakitaka kifungu cha 101 cha Katiba, kilichoweka ukomo wa mihula ya rais, kibadilishwe. Kura ya maoni ilifanyika Desemba 18 mwaka huo na mabadiliko yakapita kwa zaidi ya asilimia 98. Wako waliouliza ni wangapi walisaini kwa hiari yao. Kwa mjadala wetu, jambo la kuona ni kwamba saini zile zilikwenda kwenye chombo chenye mamlaka ya kuanzisha mabadiliko, na mwenye mlango hakuwa na kinyongo cha kuufungua.

Mlango sahihi peke yake nao hautoshi. Kutoka Kabeza hadi Busanza ni mwendo mfupi wa pikipiki, zote zikiwa ndani ya Sekta ya Kanombe. Busanza ndiko zilikojengwa nyumba za kuwahamishia wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa uliojulikana kwa jina la Bannyahe. Wengi wao walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba. Walilalamika, wakafika hadi mahakamani, na mgogoro ukachukua miaka. Septemba 2022 waliobaki waliondolewa. Anayemwambia mwananchi kwamba akifuata utaratibu lazima atashinda, anamdanganya.

Hata Uingereza, ambako serikali huahidi kujibu ombi lenye saini 10,000 na lenye 100,000 hufikiriwa kujadiliwa bungeni, kinachoahidiwa ni jibu tu. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni sita walisaini kutaka nchi hiyo ibaki Umoja wa Ulaya. Bunge lilijadili Aprili 1. Serikali ilikataa.

Mpaka unapofungwa na wakubwa

Yapo pia mambo ambayo saini haziyafikii. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwishoni mwa Februari 2019, wafanyabiashara wa Rwanda na Uganda walihesabu hasara kwa karibu miaka mitatu. Ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, siku chache baada ya Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda kufika Kigali kwa mazungumzo na Rais Paul Kagame. Burundi nayo ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024 kwa sababu za kiusalama ilizozitaja.

Mpaka wa namna hiyo unafungwa na kufunguliwa na wakuu wa nchi. Lakini si kila kinachomzuia mama wa dagaa ni ugomvi wa wakubwa. Mara nyingi ni karatasi isiyotangazwa, ada isiyo na risiti, kipimo kinachorudiwa pande zote mbili, au ofisa ambaye hajaisoma sheria mpya. Haya yana wenyewe, na yana milango.

Milango mitatu yenye kitasa

Mlango wa kwanza ni taarifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru. Tangu mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria maalumu ya kuviondoa, na kila nchi ina kamati ya kitaifa ya kuvifuatilia. Kuna pia mfumo wa mtandaoni unaotumiwa kwa pamoja na Afrika Mashariki, COMESA na SADC, kwenye tovuti ya tradebarriers.org. Ukiwasilisha malalamiko hapo, yanapewa namba, nchi inayolalamikiwa inaarifiwa, na kikwazo hubaki kwenye orodha hadi kitatuliwe. Huku nako ni kulalamika mtandaoni, ila kwa anwani. Malalamiko ya mtu mmoja yenye ushahidi yana uzito kuliko linki yenye majina elfu.

Mlango wa pili ni Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, ambalo kanuni zake zinaruhusu kupokea maombi ya wananchi. Kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Hapa wingi wa saini una maana, kwa sababu mbunge anaweza kusimama na kusema wafanyabiashara mia tatu wa soko fulani wanasema hivi. Saini zilizokusanywa kwa simu zinafaa kabisa, mradi ziwe za watu halisi wanaoweza kutajwa kwa soko na nchi.

Mlango wa tatu ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali inayovunja Mkataba wa Jumuiya, bila kulazimika kuzimaliza kwanza mahakama za nchini kwake. Sharti gumu ni muda: miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu ulijue. Anayesubiri namba ipande mtandaoni anaweza kukuta mlango huu umeshafungwa.

Nguvu ya mahakama hiyo ilionekana kwenye barabara ya Serengeti. Tanzania ilipopanga kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi, watu wengi duniani walisaini maombi ya kuipinga. Lakini mwaka 2010 shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi liliamua kwenda Arusha na kufungua kesi. Juni 20, 2014 mahakama iliamua kwamba kujenga barabara hiyo ya lami ndani ya hifadhi kungekuwa kinyume cha Mkataba. Saini zilieneza habari. Zuio lilitokana na hukumu.

Jinsi ya kuandika ombi linalojibika

"Tumechoka kunyanyaswa mpakani" ni kilio cha kweli, lakini hakuna ofisa anayeweza kukijibu. Ombi linalojibika husema tarehe, mpaka, bidhaa, uzito, karatasi iliyodaiwa, fedha iliyolipwa na kama risiti ilitolewa. Kisha hutaja haki iliyovunjwa. Kwa mfano, bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha ya utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinastahili cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Ukinyimwa cheti hicho, unajua kilichovunjwa.

Mwisho huomba jambo moja linaloweza kufanyika. "Orodha ya karatasi zinazotakiwa ibandikwe mpakani kwa Kiswahili na Kinyarwanda" ni ombi ambalo ofisa atalikubali au atalikataa. Hawezi kujifanya hakulielewa.

Linki ya kukusanya saini ina nafasi yake hapo, kama daftari la kuandika majina ya wengi waliokumbwa na jambo lile lile. Itumike hivyo, lakini daftari likijaa lipelekwe mahali.

Na tahadhari moja. Jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho ni mali yako. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021, na Kenya, Uganda na Tanzania nazo zina zao. Linki isiyosema nani ameifungua, ombi linakwenda wapi na taarifa zitatunzwa vipi, usiipe kitu. Linki inayotaka namba ya siri ya simu yako ya pesa si ombi, ni wizi.

Jibu kwa mama wa dagaa

Nilirudi Kabeza jioni. Nilimweleza kwamba linki ile haitapitisha gunia hata moja, kwa sababu "viongozi wote" maana yake ni kwamba hakuna hata mmoja anayedaiwa jibu. Alicheka kidogo, akasema alihisi hivyo ndiyo maana kidole kilisita.

Kisha aliwaita wenzake wanne wanaofuata mizigo njia ile ile. Walitandika daftari la shule juu ya meza ya mchele na kuanza kukumbushana: siku gani, kilo ngapi, aliulizwa karatasi gani, alilipa nini. Kati ya watano, watatu walikuwa wamedaiwa karatasi ile ile, na hakuna aliyekuwa amejua kwamba mwenzake naye alirudishwa. Mmoja alikuwa bado ana risiti, imekunjwa ndani ya kitambulisho. Waliipiga picha.

Malalamiko yao yalitumwa kabla soko halijafungwa, kwa simu ile ile iliyopokea linki asubuhi. Walipata namba. Namba hiyo haijafungua mpaka, na huenda isifungue upesi. Lakini sasa kuna ofisi inayodaiwa jibu, na mama ameiandika namba kwenye jalada la daftari, chini ya hesabu ya deni lake la ikimina.